Ufa kwenye msingi: lini ushike mwiko mwenyewe, lini umwite mhandisi

Ukipita Mabatini, Igogo, Isamilo au Bugando hapa Mwanza utaona nyumba zilizokaa katikati ya mawe makubwa. Mara nyingi upande mmoja wa msingi umekalia jiwe ambalo halijasogea tangu enzi za mababu, na upande wa pili umekalia kifusi kilichojazwa kwa toroli ili kiwanja kiwe tambarare. Jiwe halishuki, kifusi kinashuka, na ukuta ulio juu yao lazima upasuke mahali fulani. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kuulizia bei ya saruji.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba huyo. Ni wa yule pia aliyejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga, njia ya Magu au Misungwi, na wa yule wa Igombe, Luchelele au Nansio ambaye ziwa haliko mbali na msingi wake. Watu wengi huanza kwa kuuliza nani azibe. Naomba uanze na maswali mawili mengine: ufa huu bado unatembea au umeshasimama? Na ni kitu gani kimeuleta? Ukiyajibu hayo kwa uhakika, suala la kufanya mwenyewe au kumwita mtaalamu halitakusumbua tena. Usipoyajibu, hata mtaalamu ghali atakuzibia kitu kitakachofunguka masika ijayo.

Kuna nyufa zisizosubiri mwongozo

Kabla hujaendelea kusoma, angalia kama nyumba yako ina mojawapo ya haya: ukuta umeinama kiasi cha kuonekana kwa macho, ufa umepanuka ndani ya usiku mmoja wa mvua, milango iliyofunga vizuri jana leo imekaza yote upande mmoja wa nyumba, unasikia ukuta ukilia, kidole chako kinaingia kwenye ufa, au jiwe lililo juu ya nyumba limeacha alama mbichi ya udongo kuonyesha kwamba limesogea. Hilo la mwisho ni la kwetu sana, na watu hulipuuza kwa sababu jiwe wamelizoea.

Ukiona lolote kati ya hayo, toa watoto, wazee na wagonjwa kwanza, vyombo baadaye. Mpigie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, na kama hatari iko mlangoni, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114. Usiku ule laleni kwa jirani. Kazi ya kupima na kusoma nyufa ni ya nyumba ambayo bado inakalika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni msingi, si lipu

Nyufa nyingi zinazowanyima watu usingizi ziko kwenye lipu tu. Lipu iliyopigwa juani bila kumwagiliwa, au iliyotiwa saruji nyingi kwa kudhani ndiyo uimara, hupasuka vipande vidogo vidogo mithili ya wavu. Igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia wazi, imeachana na tofali na itabidi ibanduliwe. Ikilia nzito, bado imeshika.

Kugonga hakutoshi. Chukua patasi na nyundo, banja lipu upana wa kiganja katika sehemu mbili au tatu kando ya ufa. Tofali likiwa zima na viungo vyake vizima, una tatizo la lipu, na hilo utalimaliza mwenyewe wikiendi moja. Ufa ukipita kwenye viungo au ukikata tofali lenyewe, ufuate hadi chini. Chimba kishimo cha upana wa jembe kando ya msingi, kina cha sentimita 30 hivi, uone kama umeingia kwenye mawe ya msingi. Kishimo kimoja tu. Usichimbue upande mzima, maana udongo huo nao unaushika msingi.

Kisha ingia ndani, utazame ukuta huohuo kwa upande wa pili. Ufa unaoonekana pande zote mbili umekata ukuta mzima. Kuna pia ule mstari mwembamba uliolala chini ya mkanda wa zege au kandokando ya lenta. Huo kwa kawaida unatokana na zege na tofali kusinyaa kwa viwango tofauti. Haukutoka kwenye msingi, wala usiutolee jasho.

Hatua ya 2: Pima kwa vitu ulivyonavyo

Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, sawa na kadi nyingine za ukubwa huo. Kadi moja ikigoma kuingia, ufa ni mwembamba kuliko hapo. Kadi nne zikibanwa pamoja zinafika milimita 3. Kwa nyufa pana zaidi tumia vipande vya nondo, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana: milimita 6, 8, 10, 12, 16. Pima sehemu tatu za ufa, yaani juu, katikati na chini, uandike. Vipimo vya juu na chini utavihitaji muda si mrefu.

Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE, iliyapanga madhara ya nyufa kwa madaraja ambayo wahandisi wa nchi nyingi huyatumia. Kwa kifupi: hadi milimita 1 ni suala la mwonekano. Hadi 5, ukuta unazibika kwa urahisi, ingawa milango na madirisha huweza kuanza kugoma kidogo. Kati ya 5 na 15, mwashi atalazimika kufungua ukuta na pengine kubadilisha baadhi ya matofali. Kati ya 15 na 25, sehemu za ukuta zitabomolewa na kujengwa upya. Zaidi ya 25, nyumba yenyewe iko hatarini kupoteza uthabiti.

Madaraja hayo yalipangwa kwa kuangalia nyumba za kwao. Kwetu kuna nyumba nyingi za tofali za saruji zilizolazwa kwa unene wa inchi 5 au 6, bila mkanda wa chini, na wakati mwingine hata wa juu haupo. Ukuta kama huo hauna cha kuushika ukianza kuachana. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali kuliko wa vitabu: mpaka wa mikono yako uwe milimita 3. Ufa ukizidi hapo, kazi hiyo si yako, hata kama wewe umefanya kazi miaka mingi kwenye saiti.

Hatua ya 3: Soma umbo lake

Ufa una tabia ya kuonyesha ni wapi nyumba inaenda. Ule unaopanda kwa ngazi, kiungo baada ya kiungo, kutoka kona ya chini kuelekea dirishani, maana yake kona moja inashuka kuliko nyingine. Sasa tazama vile vipimo vyako. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, basi mwisho wa nyumba ndio unaokwenda chini huku katikati ikibaki. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiyo inayozama. Kwa nyumba iliyokalia nusu jiwe nusu kifusi utaona ule wa kwanza, na ukisimama nje utaweza hata kuonyesha kwa kidole mahali jiwe linapoishia chini ya ardhi.

Ufa uliosimama wima, mwembamba, wenye upana uleule juu hadi chini, katikati ya ukuta mrefu: mara nyingi ni ukuta kusinyaa baada ya kujengwa. Ukipita mwaka bila kubadilika, ziba.

Ufa uliolala kwenye ukuta wa msingi mrefu au ukuta wa kuzuia udongo, halafu ukuta wenyewe ukawa umetuna kitumbo: huo uogope. Udongo na maji yaliyo nyuma yake vinausukuma. Nyumba zetu za kilimani zina kuta nyingi za namna hiyo, zimebeba uwanja mzima na wakati mwingine chumba cha jirani. Ni kazi ya mhandisi, hata kama ufa wenyewe hauingizi kadi mbili.

Nyufa zilizokatana kama alama ya X ni dalili ya kutikiswa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililopiga Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya nyumba za Bukoba na lilisikika hadi Mwanza. Ukinunua nyumba ya zamani upande wowote wa ziwa ukakuta X kati ya madirisha mawili, mtake mtaalamu kabla hujasaini.

Hatua ya 4: Weka alama, kisha uvumilie

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Chora alama mbili za msalaba kwa penseli yenye ncha kali, moja kila upande wa ufa, kwenye sehemu ya tofali uliyoibandua lipu. Ziachane sentimita 10 kamili. Andika tarehe pembeni. Mwisho wa ufa wenyewe, pale unapofifia, nako weka kistari na tarehe. Kila baada ya wiki mbili pima kwa rula ileile, uandike kwenye daftari, na upige picha rula ikiwa imeshikwa hapohapo.

Mafundi wengine hugandisha kipande cha kioo chembamba juu ya ufa: kikipasuka, ufa umetembea. Inafanya kazi, ila kioo hakikwambii umetembea kiasi gani wala kuelekea wapi. Mimi naamini zaidi penseli.

Usubiri muda gani? Kwa Mwanza ningependa uone angalau kipindi kimoja cha mvua na kimoja cha ukavu. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na kiangazi kikali ni Juni hadi Septemba. Kwenye udongo wa mbuga hilo si la kujadili. Udongo ule mweusi huvimba ukinyweshwa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana mashamba ya mbuga yanapasuka mianya ya kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka nao. Ufa utaukuta umefunguka Agosti na karibu kujifunga Aprili. Ukiuziba Agosti kwa saruji ngumu, udongo ukivimba ukuta hauna pa kurudi, unapasukia pembeni. Ukiuziba Aprili, Agosti unafunguka tena palepale. Watu humlaumu fundi, kumbe alipewa kazi isiyozibika kwa saruji.

Kwenye mchanga wa luseni na kwenye changarawe ya miinuko hali ni tofauti: kifusi kikishakaa kimekaa, isipokuwa maji yakianza kukichota.

Hatua ya 5: Yatafute maji

Hapa ndipo penye kazi hasa ya mwenye nyumba, na hakuna mhandisi atakayeifanya vizuri kukushinda, kwa sababu wewe ndiye unayekaa pale mvua ikinyesha.

Anza juu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 40 ya jioni moja ya Aprili, ni lita 4,800. Kama huna gata, maji yote hayo yanaanguka kwenye mstari mwembamba kando ya msingi, mwaka hadi mwaka, na kila mara yanaondoka na punje za mchanga kutoka chini ya mawe. Toka nje mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli, utazame yanaanguka wapi na yanakimbilia wapi. Kwenye mteremko tazama pia maji yanayotoka kwa jirani wa juu. Yanaweza kuwa yanaingia chini ya nyumba yako upande wa nyuma na kutokea mbele, na wewe hujawahi kuyaona kwa sababu hupiti nyuma kukinyesha.

Dawa yake unaimudu: gata na bomba la kushushia maji hadi kwenye tenki au mfereji, mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja, wenye mteremko wa sentimita 5 kutoka ukutani kwenda nje, na mfereji wa kukatisha maji upande wa juu wa kiwanja. Ukifanya hayo matatu tu, nyufa nyingi husimama zenyewe kabla hujanunua mfuko wa kuzibia. Mjulishe jirani wa chini kabla hujaelekeza maji yako upande wake. Mtaani kwetu ugomvi wa maji unafika kwa mwenyekiti haraka kuliko ugomvi wa mpaka.

Kisha angalia maji usiyoyaona. Usiku funga koki zote, soma mita ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, asubuhi kabla mtu hajafungua bomba soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja ardhini, na huenda liko chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Chunguza shimo la choo na chemba: zikiwa zimepasuka karibu na msingi, udongo wa hapo haukauki hata Agosti.

Miti nayo. Mkaratusi uliopandwa mita chache kutoka ukutani unafyonza maji mengi, na kwenye udongo wa mfinyanzi unausinyaza udongo upande mmoja wa nyumba. Lakini usiamke kesho na shoka. Mti mkubwa ukikatwa ghafla kwenye udongo wa namna hiyo, unyevu unarudi, udongo unavimba, na ukuta ulioshuka unaanza kusukumwa juu. Uliza kwanza.

Kwa wa ufukweni kuna jambo zito zaidi. Ziwa lilipanda sana miaka ya 1961 hadi 1964, na mwaka 2020 likafika tena kwenye kina cha wakati ule, maji yakaingia kwenye nyumba na mialo. Maji ya chini ya ardhi hupanda pamoja na ziwa. Msingi uliokuwa mkavu miaka kumi unaweza kujikuta umesimama kwenye tope, na hakuna mwiko utakaoyarudisha maji ziwani. Ndiyo sababu moja ya kuheshimu mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikataza kujengwa. Kama nyumba tayari iko humo na imeanza kupasuka, usitumie akiba yako kuziba. Tafuta ushauri wa kitaalamu kama inafaa kuendelea kukaliwa.

Na jirani anayechonga kilima chini ya kiwanja chako, au anayechoma jiwe kwa moto ili lipasuke apate kokoto, usimwache amalize ndipo mzungumze.

Hatua ya 6: Amua

Ziba mwenyewe, au na fundi wako wa kawaida, kama yote haya ni kweli kwa pamoja: ufa hauzidi milimita 3, alama zako hazijasogea msimu wa mvua na wa ukavu, ukuta ukipimwa kwa timazi uko wima, milango na madirisha yanafunga, na chanzo umekijua na umeshakiondoa. Kazi nyingine zilizo salama mikononi mwako ni lipu, nyufa nyembamba za jamvi, gata, mifereji, na kujaza viungo vya mawe ya msingi vilivyolika kwa mvua, mradi hung'oi jiwe hata moja.

Mwite mhandisi kama ufa unaendelea kutembea, au unazidi milimita 3, au pande mbili za ufa hazilingani, yaani ukipitisha kiganja unahisi upande mmoja umetokeza. Mwite pia kama ukuta unazuia udongo, kama nyumba ni ya ghorofa, kama iko kwenye mbuga, kama zege la mkanda au nguzo limepasuka na kutoa kutu ya nondo, au kama unataka kuongeza chumba juu ya msingi huohuo. Mtu akiniambia hana uhakika yuko upande upi, ninamhesabu kwenye upande wa mhandisi. Gharama ya mtu kuja kukagua siku moja na kuandika ushauri ni ndogo mno kuliko kujenga upya kona ya nyumba.

Hatua ya 7: Kama unaziba mwenyewe

Kwanza neno kuhusu video za mtandaoni. Nyingi zinatoka Marekani, ambako nyumba nyingi zina chumba cha chini ya ardhi chenye kuta za zege lililomwagwa. Huko wanachoma sindano ya epoksi kwenye ufa, na wanabandika mikanda ya nyuzi za kaboni ukutani. Misingi yetu ni mawe au tofali. Epoksi ukiisukuma humo inapotelea kwenye mianya, na hata kwenye zege zima inafaa tu pale ufa uliposimama, la sivyo zege linapasuka pembeni yake. Usinunue kitu kwa sababu umekiona kinafanya kazi Ohio.

Unahitaji patasi, nyundo, brashi ya waya, mwiko, ndoo, saruji, mchanga uliochekechwa, wavu wa kuku na gunia. Miwani na glavu si anasa: saruji mbichi inaunguza ngozi, na vumbi la grinda linaingia kwenye mapafu, kwa hiyo funika pua na mdomo pia.

Mchanga upime kwanza. Wa ziwani kwetu hauna chumvi kama ule wa pwani ya bahari, lakini unaweza kuwa na tope jingi. Jaza mchanga nusu ya chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ongeza maji hadi karibu ijae, tikisa sana, iache hadi kesho. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe au utafute mwingine. Ule mchanga mkali unaotokana na mawe ya milima yetu ni mzuri sana kwa kazi hii ukichekechwa.

Fungua ufa kwa patasi hadi upate mfereji wa upana wa sentimita 1 hadi 1.5 na kina cha sentimita 2. Inauma kuukuza ufa unaotaka kuufuta, lakini udongo wa saruji uliopakwa juu ya ufa mwembamba haushiki popote. Safisha kwa brashi ya waya hadi vumbi liishe. Mwagia maji, usubiri uso unyonye: uwe na unyevu bila maji kutiririka. Paka uji wa saruji kwa brashi, na kabla haujakauka sindilia udongo wa saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, uliochanganywa mkavu kiasi kwamba ukiufinya unashikana bila kutoa maji. Jaza kwa tabaka mbili, ukikandamiza kwa ncha ya mwiko. Usitumie saruji tupu. Inasinyaa na kukupasukia kabla ya mwezi.

Juu yake, kabla ya lipu, pigilia wavu wa kuku unaopita sentimita 10 kila upande. Funika kwa gunia, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika: mtu ameziba vizuri Jumamosi, Jumapili jua la ziwa limekausha kila kitu, Jumatatu kuna mstari.

Hatua ya 8: Kama unamwita mtaalamu

Fundi mwashi mzuri ni hazina, na Mwanza wako wengi, waliopita vyuo vya ufundi vya VETA na waliojifunza saiti. Lakini sikiliza anavyojibu swali moja.

"Fundi, huu ufa umeletwa na nini?"

"Mama, usiwe na wasiwasi, hii ni kawaida tu. Mifuko mitano na hela ya ufundi, kesho tunaanza."

Huyo amejibu swali ambalo mama hakuuliza. Mwingine atauliza kwanza nyumba ina miaka mingapi, choo kiko wapi, maji ya paa yanakwenda wapi, kabla ya kujenga hapa palikuwa jaruba la mpunga au palikuwa na miamba. Atazunguka nyumba kabla ya kugusa ufa. Huyo hata akikwambia "Mama, hili si langu, tafuta mhandisi", mlipe nauli na umshukuru.

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maarufu kama ERB. Muulize namba yake ya usajili na uihakiki kwenye bodi. Mwenye usajili wa kweli hachukizwi na swali hilo. Mpe daftari lako la vipimo. Utashangaa jinsi linavyofupisha kazi yake. Mtake akuandikie chanzo, dawa, na mchoro wa kazi, halafu kazi yenyewe ifanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) au fundi unayemwamini chini ya usimamizi wa mhandisi huyo. Kama kazi inagusa msingi au ukuta unaobeba, ulizia kibali halmashauri: Jiji la Mwanza kwa walio Nyamagana, Manispaa kwa walio Ilemela.

Dawa moja utakayoisikia ni kuupa msingi msingi mwingine chini yake, hadi kwenye udongo mgumu au jiwe. Ni dawa nzuri, na ndiyo inayoua watu ikifanywa vibaya. Huchimbwa kipande kimoja kimoja cha urefu wa mita moja hivi. Kipande cha 1 kikichimbwa, kinachofuata ni cha 3 au cha 5, kamwe si cha 2, na cha pembeni hakiguswi hadi zege la kwanza liwe limeshika na pengo la juu yake limesindiliwa udongo mkavu wa saruji. Ukikuta vibarua wamechimba upande mzima wa nyumba kwa siku moja ili kuokoa muda, simamisha kazi saa hiyohiyo na utoe watu ndani.

Kwa ukuta wa kuzuia udongo, hakikisha mchoro una mabomba ya kutolea maji yanayopenya ukuta na kokoto nyuma yake. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji yote ya masika.

Makubaliano yaandikwe, malipo yaende kwa hatua, na hatua ya mwisho ilipwe baada ya siku 28, zege likiwa limefikia nguvu iliyokusudiwa. Kama wewe ni mpangaji, usizibe ufa wa msingi kwa pesa yako kimyakimya. Mpe mwenye nyumba picha zenye tarehe, kwa maandishi, na nakala ibaki kwako.

Kazi ikiisha, iwe yako au ya mtaalamu, chora alama mpya za penseli juu ya sehemu iliyozibwa na uiache bila rangi hadi masika moja na kiangazi kimoja vipite. Ukijitokeza mstari usioingiza hata kadi, kwaruza, paka lipu nyembamba, endelea na maisha. Ukiingiza kadi, rudi hatua ya 5, na safari hii toka na mwavuli usiku pia.